Daktari Aliyeuza Nyumba Yake kwa Ajili ya Kitabu

Zikitajwa Zama za Mwangaza nchini Ufaransa, hutajwa Voltaire, Rousseau na Diderot. Louis de Jaucourt hatajwi, na hilo huniuma.

Alizaliwa Paris mwaka 1704 katika ukoo wa kikabaila wa Kiprotestanti, akasomea udaktari Leiden. Encyclopédie, kamusi kubwa ya maarifa yote, ilianza kutoka mwaka 1751 chini ya Diderot na d'Alembert. Mwaka 1759 serikali ilifuta kibali chake. D'Alembert alikwisha kujitoa, na wengine wengi wakakaa kando. Jaucourt hakuondoka. Aliandika makala zipatazo 17,000 kati ya 72,000 hivi: tiba, mimea, nchi, sheria, siasa. Hakulipwa chochote. Ili awalipe makarani wake ilimbidi auze nyumba, na aliyeinunua ni Le Breton, mchapishaji yuleyule aliyekuwa akichuma faida kwa jasho lake.

Juzuu 10 za mwisho za maandishi zilitoka kwa mkupuo mwaka 1765. Katika juzuu ya 16 imo makala yake kuhusu biashara ya watumwa Waafrika, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Halii wala haombi huruma. Anajenga hoja kama wakili. Uhuru wa mtu si bidhaa. Aliyeuza hakuwa na haki ya kuuza, basi aliyenunua hakupata kitu, na mtumwa anastahili kutangazwa huru papo hapo kwa kuwa uhuru wake haukuwahi kumtoka. Je, makoloni yatafilisika? Na yaangamie, asema, kuliko watu kuteswa kwa ajili yake. Sehemu kubwa ya hoja hizi aliitoa kwa George Wallace, mwanasheria wa Scotland, lakini ni yeye aliyezifikisha kwa wasomaji wa Kifaransa. Tena alizifikisha ndani ya kitabu ambacho juzuu yake ya 11 inawaeleza Waafrika kama nyenzo za shamba, bila kukunja uso.

Miaka 11 baadaye, mwaka 1776, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa: auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Soko lake kubwa lilikuwa Île de France, yaani Mauritius ya leo. Kwa hoja ya Jaucourt, mkataba ule ulikuwa batili tangu wino haujakauka. Mwenyewe alikuwa angali hai. Alifariki mwaka 1779.