Ishara, Kelele na Maana: Jinsi Mtambo wa PET na CT Unavyousoma Mwili

Wanaisimu na wahakiki wa fasihi wamelizoea neno ishara. Neno hilo lina uzito wa aina yake katika chumba cha uchunguzi wa saratani, ambamo ishara iliyofasiriwa vibaya yaweza kumpotosha daktari. Makala haya yananuia kufafanua jinsi ishara zinavyochakatwa katika mtambo unaounganisha njia mbili za kuupiga mwili picha, yaani CT na PET.

CT hutumia eksirei kuonyesha umbo la viungo, ilhali PET huonyesha utendakazi wake. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa florini-18, kemikali nururifu inayopungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Seli za saratani nyingi huifyonza sukari hiyo kwa pupa. Positroni inayotoka kwenye florini hukutana na elektroni; zote mbili hutoweka, na miale miwili ya gama huchomoka kuelekea pande zinazokinzana.

Mgonjwa huwa amezungukwa na fuwele zilizopangwa kama pete. Mwale ukigonga fuwele, hutokea mmweko hafifu wa nuru ambao hugeuzwa kuwa umeme, kisha kuwa tarakimu. Tarakilishi hubainisha mambo matatu: mwale umegonga wapi, ulikuwa na nishati kiasi gani, na ulifika lini. Miale miwili ikifika katika muda usiozidi nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde, huhesabiwa kuwa pacha. Mwale uliopoteza nishati nyingi kwa kupotoka njiani hutupwa, kwani hiyo ni kelele wala si ishara. Mitambo ya kisasa hupima hata tofauti ya muda baina ya pacha hao. Kwa kuwa nuru husafiri takribani sentimita 30 kwa nanosekunde, tofauti ya nusu nanosekunde huonyesha kwamba miale ilianzia sentimita 7.5 kutoka katikati ya fuwele hizo mbili.

Zamani picha hizi zilipigwa katika mitambo tofauti, na kuzioanisha kulikuwa kugumu kwa sababu mgonjwa hakulala vilevile mara zote mbili. David Townsend na Ronald Nutt waliongoza uundaji wa mtambo mmoja, ambao mfano wake wa kwanza ulianza kutumika katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, mwaka 1998. Aidha, picha ya CT husaidia kukadiria miale iliyomezwa na mwili, ili uvimbe ulio ndani sana usionekane hafifu kuliko ulivyo.

Hata hivyo, CT huchukua sekunde chache tu, ilhali PET huchukua dakika kadhaa mgonjwa akiendelea kupumua. Hivyo basi, uvimbe ulio juu ya ini waweza kuonekana kana kwamba umo katika pafu, na saratani ikadhaniwa kuwa imeenea. Ndiyo maana baadhi ya programu hupanga ishara kwa kufuata hatua za upumuaji.

Ni bayana, basi, kwamba picha hii ni tafsiri iliyojengwa kwa hesabu, nayo huhitaji muktadha kama matini yoyote. Mitambo ya aina hii imo pia nchini Kenya. Wataalamu wa Kiswahili wana wajibu wa kuiundia istilahi zinazoeleweka, ili mgonjwa anayelazwa ndani yake ajue anachofanyiwa.