“Hayo ni ya mbwa”: gunia la mahindi mabovu Eldoret, na chakula kikavu unachoweza kukitengeneza nyumbani

Najua wapo watakaoona neno mbwa juu ya safu hii wakataka kupita. Nawaomba mnivumilie leo, kwa sababu habari yenyewe inaanza kwa mbwa lakini haiishii kwake. Inafika mpaka kwenye sahani ya mtoto wako.

Mwezi uliopita nilipanda basi kutoka Mombasa kwenda Eldoret kumtembelea shemeji yangu, ndugu yake mke wangu. Ana yadi ya mbao pembezoni mwa mji na kwa miaka mingi amefuga mbwa wawili wa kulinda usiku. Safari hii nilimkuta mmoja tu, amekonda, amejilaza karibu na lango, hata kunibwekea hakunibwekea.

“Mwenzake yuko wapi?” nikamuuliza.

“Tumemzika, shemeji,” akasema. “Na kosa ni langu.”

Akanieleza. Alikuwa na gunia la mahindi lililonyeshewa mvua kwa sababu paa la stoo lilikuwa likivuja. Walipolifungua, mahindi ya juu yalikuwa yameota ukungu wa kijani na mengine yameshikana mabonge. Mkewe akasema yatupwe. Yeye akaona ni hasara, akasema, “Tusiyatupe, tuyasage. Hayo ni ya mbwa.” Kwa wiki tatu mbwa wakalishwa ugali wa unga ule. Kwanza wakapunguza kula. Kisha wakaanza kutapika, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Daktari wa mifugo alipokuja alimfunua mdomo mbwa mkubwa na kumwonyesha shemeji ufizi wake: wa njano, kama uliopakwa manjano. Ini lilikuwa limeharibika. Daktari akauliza swali moja tu: “Mnawalisha nini?”

Jambo hili si geni

Sumu iliyomuua mbwa yule inaitwa aflatoksini. Wenzetu wa Tanzania huiita sumukuvu, na jina hilo linajieleza lenyewe: ni sumu inayotolewa na kuvu inayoota kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri au zilizohifadhiwa mahali penye unyevu. Dunia iliitambua mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu.

Kwetu Kenya, mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa katika miji mitatu: Nairobi, Mombasa na Eldoret. Chanzo kilikuwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Tazama miji hiyo, ndugu msomaji. Mmoja ni wa baridi na mwingine ni wa joto la bahari, na yote miwili imo. Kwa hiyo asitudanganye mtu kwamba haya ni matatizo ya Bara peke yake. Unyevu wetu wa Pwani ni rafiki mkubwa wa kuvu.

Baada ya mbwa na kuku walifuata watu. Mwaka 1981 watu 12 walikufa Machakos kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2004, Ukambani na maeneo ya jirani, waliougua walihesabiwa 317 na waliokufa ni 125. Ni sumu ile ile na nafaka ile ile.

Mambo matatu ni muhimu kuyajua. La kwanza, sumu hii haiishi kwa kupikwa. Moto wa jikoni utaua kuvu yenyewe, lakini sumu iliyokwisha kutolewa itabaki ndani ya ugali. La pili, sumu hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini cha punje. Ukikoboa mahindi, sehemu kubwa ya sumu huenda kwenye pumba, au wishwa kama tuitavyo, nayo ndiyo tunayowapa wanyama. La tatu, mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi sana, na chakula chake ni hicho hicho kila siku. Mtu hula ugali leo, kesho wali, keshokutwa mkate. Mbwa aliyefungwa yadini hana hiari hiyo. Anakula ulichompa au analala njaa.

Isitoshe, sumu hairudi nyuma ikishaingia kwa mnyama. Ng’ombe akila chakula kibovu, sehemu ya sumu hupita kwenye maziwa. Shemeji yangu ana kuku pia, na alikuwa amepanga kuwapa kuku unga uliobaki. Mayai ya kuku hao huliwa na nani? Na watoto wake.

Anza na mahindi, si na mapishi

Mimi si daktari wa mifugo. Diploma yangu ni ya ugavi, na miaka yangu mingi nimeimaliza kwenye maghala. Lakini ghala limenifundisha jambo moja: kinachotoka hakiwezi kuwa kizuri kuliko kilichoingia. Ndiyo maana kabla ya kukueleza namna ya kupika chakula cha mbwa, nakueleza namna ya kuchagua nafaka yake.

Mahindi ya kuhifadhiwa yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, kuna njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi kiasi cha theluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache kisha iache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Ikianguka chini yote, yamekauka vya kutosha kuhifadhiwa.

Kisha yachague kwa mkono. Toa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizonyauka. Hii si dawa kamili, kwa sababu sumu yenyewe haionekani kwa jicho, lakini inapunguza hatari sana. Gunia lililokwisha kuota ukungu usilichague, lote ni la kufukiwa. Usimuuzie mtu, usimpe mpika pombe, usimwagie kuku. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja.

Namna ya kutengeneza

Chakula kikavu kina faida kwa mwenye yadi: unapika mara moja kwa wiki, hakichachi upesi kama ugali wa mchuzi, na ni rahisi kupima. Haya ndiyo mahitaji niliyoyaandika nilipokuwa Eldoret, tulipompikia yule mbwa aliyebaki baada ya daktari kuturuhusu:

– Unga wa mahindi mazuri, nusu kilo
– Unga wa atta, nusu kilo
– Omena wakavu, nusu kilo
– Maini ya ng’ombe, robo kilo
– Mayai manne
– Karoti au boga, nusu kilo
– Mafuta ya kupikia, vijiko vinne vya mezani
– Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa laini kama unga, kijiko kimoja cha chai

Omena wachambue, uwapepete mchanga, uwakaange bila mafuta mpaka wakauke, kisha uwasage au uwatwange. Hao ndio wenye protini nyingi, na mifupa yao midogo iliyosagwa inampa mbwa madini ya kalsiamu ambayo nyama tupu haina. Huku Pwani tukitumia dagaa wetu, tukumbuke kwamba wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Waroweke, umwage maji, uwakaushe tena. Na omena pia wanaota ukungu, wenye harufu ya uvundo waache sokoni.

Chemsha maini na karoti bila chumvi. Yakiiva, yaponde, na supu yake usiimwage. Tumia supu hiyo kusonga ugali wa ule unga wa mahindi na uache uive hasa, kwa sababu tumbo la mbwa halisagi unga mbichi vizuri. Ukipoa kidogo, changanya ugali na maini, karoti, omena, mayai, mafuta, unga wa maganda na atta. Kanda mpaka upate donge gumu kama la chapati. Likiwa kavu mno ongeza supu kidogo kidogo.

Litandaze kwenye sinia lililopakwa mafuta, unene usizidi ncha ya kidole kidogo, na ulikate vipande vidogo kama unavyokata kashata. Kwenye oveni oka kwa nyuzi 180 kwa kama dakika 40, kisha punguza moto mpaka nyuzi 100 na uache vipande vikauke kwa saa mbili au zaidi, ukivigeuza. Huna oveni? Fanya kama unavyooka mkate wa sinia: makaa machache chini, makaa juu ya mfuniko. Vikiiva vitandaze juani juu ya kitambaa safi mpaka vikauke kabisa.

Kipimo cha kukauka ni sikio. Kipande kikivunjwa kilie kau, na ndani kisiwe na utepetepe. Hapa ndipo wengi hukosea. Wakifungia mkebeni kikiwa na unyevu au bado kina moto, jasho linakaa ndani na baada ya siku nne ukungu umerudi. Watakuwa wameitengeneza upya sumu waliyoikimbia. Acha kipoe kabisa, weka kwenye mkebe mkavu wenye mfuniko wa kubana, na ukitumie ndani ya wiki moja. Kwa joto letu la Pwani, kinachozidi cha siku tatu kiweke kwenye friji.

Mbwa wa kilo 20 hutosheka na kati ya robo na theluthi ya kilo kwa siku, ukiigawa asubuhi na jioni. Anayezunguka usiku kucha mpe zaidi, anayenenepa mpunguzie. Maji safi yawepo saa zote, kwa sababu chakula kikavu kinamtia kiu. Usimbadilishie chakula kwa siku moja: changanya kidogo kidogo na cha zamani kwa muda wa wiki, ikiwa hicho cha zamani si kibovu. Watoto wa mbwa, mwenye mimba na mgonjwa wana mahitaji yao tofauti, hao waulizie kwa daktari wa mifugo kwanza.

Na mabaki ya biriani je?

Sisi watu wa Pwani tuna desturi ya kumwagia mbwa na paka mabaki ya shughuli. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu ya mbwa, hata vikiwa vimepikwa. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuharibu figo zake. Sasa jiambie mwenyewe, pilau na biriani vina nini? Chokoleti ni sumu kwake. Karanga za makadamia humlegeza miguu. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo.

Tukija kwenye dini, najua swali linalosubiri. Sisi wengi huku tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, na kwetu mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini chakula tulichokitaja chote ni halali na tohara, na kukipika ndani ya sufuria yako hakuinajisi sufuria. Kinachohitaji kutengwa ni bakuli la mbwa, likae nje, na umwagie kwa kikombe kisichomgusa. Chakula kikavu kinasaidia hata hapo, kwa sababu hakirukiruki. Ukiwa na shaka zaidi, muulize sheikh wako.

Mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda anaruhusiwa kufugwa. Na kama tumeruhusiwa, basi tumebeba dhamana. Sote tumesikia misikitini habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Tumesikia pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Yule paka na mbwa wa yadini hali yao ni moja. Amefungwa, na riziki yake imepitishwa mikononi mwako.

Kabla sijaondoka Eldoret, mimi na shemeji tulichimba shimo nyuma ya yadi, tukafukia unga wote uliobaki, hata ule wa kuku. Paa la stoo limezibwa. Mbwa yule ameanza kula, ingawa daktari anasema ini lake litahitaji muda na hakutoa ahadi.

Ombi langu kwenu ni dogo. Siku utakaposimama mbele ya gunia lililooza na ulimi ukataka kusema “hayo ni ya mbwa”, sema “hayo ni ya shimo”.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.