Ufundi wa runinga ufunzwe Garsen, tena kwa Kiswahili

Kila Mto Tana unapofurika, kamera huja Garsen. Hupiga picha za barabara iliyokatika, za mama aliyejitwika godoro na za ng'ombe waliokwama topeni, kisha hurudi Nairobi au Mombasa hata kabla ya maji kupungua. Kwa mtazamaji aliye mbali, Tana River nzima ni mafuriko, ukame na mapigano. Nadai kwamba sura hiyo haitabadilika mpaka utengenezaji wa vipindi vya redio na runinga ufunzwe palepale Garsen, katika chuo cha ufundi cha kawaida, na ufunzwe kwa Kiswahili. (Wako wanaoandika luninga. Waandike watakavyo, mradi kijana apate kuishika kamera.)

Nchi yetu ilianza mapema. Taasisi ya mafunzo ya utangazaji tunayoijua leo kama KIMC ilianzishwa Nairobi mwaka 1961, na matangazo ya televisheni yakaanza mwaka uliofuata. Kituo cha kwanza cha kibinafsi, KTN, kilianza mwaka 1990. Hata hivyo, kijana wa Garsen anayetaka kujifunza kazi hii kwa kawaida hulazimika kuhamia mji mkubwa, alipe kodi ya chumba, na akifuzu ajira yake huwa hukohuko. Tana humpoteza mara mbili: anapoondoka na anapofaulu.

Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi, na kinachonishughulisha zaidi ni maneno. Katika eneo la Garsen kuna Kipokomo, ambacho ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Kisabaki, na kuna Kiorma, ambacho ni tawi la Kioromo katika jamii ya lugha za Kikushi. Lugha hizi mbili haziingiliani hata kidogo. Kiunganishi chao ni Kiswahili. Sasa mfikirie mzee wa Kiorma akihojiwa. Anaeleza kwa dakika tatu, mkalimani aliyeokotwa sokoni anatoa sentensi mbili, na mhariri wa picha, ambaye hajapata kuuona mto huo, anabakiza moja. Hapo kumetendeka tafsiri mara mbili na ukataji mmoja, na jina la mzee bado liko chini ya picha kana kwamba ndivyo alivyosema.

Neno moja litatosha kuonyesha hasara yake. Waorma huita malka ile njia ya mifugo kufikia maji ya mto. Wapokomo hulima kandokando ya mto, katika ardhi inayorutubishwa na mafuriko. Kiangazi kikikaza, mifugo kutoka mbali hushuka kutafuta maji, na malka ikiwa imelimwa, ng'ombe atapita juu ya mahindi ya mtu. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika eneo la Delta ya Tana, katika vijiji kama Riketa na Kilelengwani. Taarifa nyingi zilitosheka kusema kwamba wakulima na wafugaji wanagombea maji na malisho. Si uongo. Lakini mtazamaji hakuelezwa malka ni nini, nani huifungua, nani huifunga, wala wazee wa Gasa wa Wapokomo na wazee wa Waorma wana njia gani za kulisemea jambo hilo kabla ya mikuki kutolewa. Mwanafunzi wa Garsen angeanza na neno hilo, kwa kuwa amelisikia tangu utotoni.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wako watakaosema kwamba kuwapa vijana wa sehemu yenye uhasama maikrofoni ni kuwapa kiberiti, nao watatukumbusha redio ya RTLM ya Rwanda mwaka 1994. Hofu hiyo ina msingi. Ila waliokuwa wakizungumza katika RTLM hawakukosa ujuzi. Walikuwa mahodari wa kazi yao, na waliutumia uhodari huo kuua. Kwa hiyo somo la kupima neno kabla ya kulirusha hewani lifundishwe sambamba na somo la kamera, na mwanafunzi wa Kipokomo na wa Kiorma wakae meza moja kuhariri mahojiano yaleyale. Wakibishana juu ya tafsiri, vyema. Huo ndio mtaala wenyewe. Kunyamazishana hakujatusaidia. Redio ya jamii iliyofunguliwa Homa Bay mwaka 1982 ilifungwa miaka miwili tu baadaye, na miaka mingi ikapita kabla nyingine kama Mang'elete na Koch FM kusikika.

Kuhusu fedha nitasema machache. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Vyuo hivyo hufunza ushonaji, useremala na ufundi wa magari. Simu nzuri ya mkononi, maikrofoni ya kubana kwenye shati na kompyuta moja ya kuhariria si ghali kupita mashine za karakana. Lugha ndiyo itakayoleta ubishi. Mitihani yetu ya ufundi hutungwa kwa Kiingereza, ijapokuwa Katiba hiyohiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kijana anaweza kukariri majina ya Kiingereza ya aina zote za picha, kisha ashindwe kumwambia bibi yake aketi upande gani ili jua lisimwangaze usoni.

Walimu wa Kiswahili wa Garsen, Ngao na Kipini hawana haja ya kungoja chuo. Wawatume wanafunzi wakanase sauti za wazee, kwa idhini yao: majina ya sehemu za mtumbwi, ya aina za mpunga, ya vipindi vya mto kujaa na kupwa. Tusisahau kwamba lahani ya wimbo wetu wa taifa ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Kila kinachonaswa kiandikwe tarehe, kijiji na lugha, kisha zitolewe nakala mbili, moja ibaki Garsen na ya pili ipelekwe Hola au Malindi, kwa sababu mafuriko ya Tana hufika hata kwenye kabati la shule.