Istilahi za Usanifu wa Huduma za Kompyuta, kwa Mfano wa Forodha ya Rusumo

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Nyakanazi na Lusahunga katika wilaya ya Biharamulo, kisha huingia wilaya ya Ngara na kugawanyika: tawi moja huenda Rusumo, mpakani mwa Rwanda, na la pili Kabanga, mpakani mwa Burundi. Kabla ya kituo cha pamoja cha Rusumo, kilichofunguliwa rasmi Aprili 2016, gari la mizigo lilisimama mara mbili, kila upande wa mto Kagera mara moja. Sasa husimama mara moja tu, katika nchi linamoingia, na maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja.

Jambo hilo lisingetosha kama mitambo ya kompyuta isingeweza kusemezana. Tanzania hutumia mfumo wa forodha uitwao TANCIS. Rwanda na Burundi hutumia ASYCUDA World. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza 2014, tamko la mizigo hutolewa katika nchi iendako, ushuru hulipwa huko, ndipo taarifa ya ruhusa hurudi bandarini Dar es Salaam kabla gari halijaanza safari. Mifumo hiyo ni migeni mmoja kwa mwingine, na kila mmoja una ndani yake asiyoyajua mwenzake.

Wataalamu wa fani hii huita kazi moja ya programu, inayoweza kuombwa na programu nyingine, huduma. Thomas Erl, katika kitabu chake cha 2007, alitaja kanuni nane za kuisanifu. Kuzieleza kwa Kiswahili si vigumu. Ugumu umo katika kuzipa majina.

Ya kwanza ni mkataba: huduma hutangaza waziwazi itakachopokea na itakachorudisha, kama vile namba ya tamko, aina ya bidhaa, uzito, na namba ya gari. Wako wanaopendelea mapatano, lakini neno hilo ni pana mno. Abadilishaye kifungu kimoja bila kutoa taarifa huwakwamisha wenziwe wote, na ni mkataba, wala si mapatano, unaombebesha lawama hiyo.

Kanuni ya pili ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa mfasiri. Yataka huduma mbili zisishikamane sana, ili mmoja abadilike bila kumvunja mwingine. Tafsiri ya haraka ni ulegevu. Lakini ulegevu katika Kiswahili ni aibu: mtumishi mlegevu huonywa, fundo legevu hukazwa. Mkuu wa idara akisoma kwamba mfumo wake una fungamano legevu, ataamuru likazwe, na hapo atakuwa amebomoa kile kile kilichokusudiwa. Tanzania ilipoacha ASYCUDA++ na kuingia TANCIS mwaka 2014, jirani aliyejifunga na matumbo ya mtambo wa zamani angalilazimika kujenga upya; aliyeshika mkataba tu asingekuwa na mengi ya kubadili. Kwa hiyo utegemezi mdogo lafaa zaidi, ingawa si zuri masikioni.

Ya tatu wengine huiita udhahania, kwa kuiga sarufi, na hivyo huikosa. Maana yake si wazo lisiloshikika bali kuficha yasiyomhusu mgeni, kama mwenye nyumba ampokeavyo mtu barazani. Usitiri latosha.

Kujitegemea, yaani huduma kutawala mambo yake yenyewe, ni neno lililokwisha kukomazwa na siasa ya 1967. Msomaji hulielewa mara moja, ila hulielewa pamoja na mashamba ya shule. Kutumika tena na kupatikana hayana mgogoro.

Imebaki kanuni ya huduma kutobaki na habari za ombi moja hadi jingine. Neno lake la Kiingereza ndilo lile lile litumikalo kwa mtu asiye na uraia, na katika Ngara, wilaya iliyopokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kupitia daraja la Rusumo mwaka 1994, mfasiri asiyeangalia muktadha angeandika jambo la kuchekesha, au la kuumiza. Kutoweka kumbukumbu nako hakufai: ni kutoiweka, au ni kumbukumbu kupotea? Maandishi hayatofautishi. Afadhali kutotunza kumbukumbu.

Kanuni ya mwisho, ya huduma ndogo kufanya kubwa kwa pamoja, imependekezewa kutungika, kutoka kutunga. Lakini kutungika kwa wengi ni kuangika kitu juu, kama kapu ukutani. Basi kuunganika na liendelee.