Mkono Ukizoea Mboga, Mdomo Haukatai

Jumamosi asubuhi soko la Tengeru hujaa mapema. Akina mama walioshuka kutoka vijiji vya Umeru hupanga mafungu yao juu ya viroba: mnafu ungali na umande, figiri, majani ya maboga, nyanyachungu nyeupe, karoti zinazopimwa kwa sado. Pembeni kuna maparachichi, mapapai, pasheni na mikungu ya ndizi. Ukisimama hapo huwezi kuamini kwamba mwendo mfupi tu kwa daladala, katika nyumba za Sakina, Njiro au Ngarenaro jijini Arusha, yuko mtoto anayelia kwa sababu amewekewa mboga kwenye ugali.

Kila mzazi anayajua mapambano hayo. Mtoto anakula ugali na nyama, mboga anaisukuma pembeni ya sahani. Mzazi anabembeleza, anafoka, kisha anatoa ahadi: "Maliza mboga nikununulie soda." Kwa maneno hayo machache mtoto amejifunza mambo mawili: mboga ni adhabu, soda ni zawadi.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sababu za udumavu ni nyingi, na mlo wa aina moja kila siku ni mojawapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linashauri mtoto wa miaka 2 hadi 5 ale angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 hadi 9 gramu 350, na kuanzia miaka 10 gramu 400 kama mtu mzima. Gramu 250 si mzigo: ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 100, zinazobaki ni kipande cha papai na upawa wa mchicha.

Chakula hicho Arusha tunacho. Tunachokosa ni njia ya kumfanya mtoto akitamani, na njia hiyo huanzia mikononi mwake kabla ya kufika kwenye ulimi.

Anzia sokoni

Mpeleke mtoto Tengeru Jumatano au Jumamosi, Ngaramtoni Alhamisi au Jumapili, au Kilombero siku yoyote. Mpe shilingi mia tano na agizo moja: achague kitu ambacho hajawahi kula. Mwache aulize mwenyewe, "Shikamoo mama, hii inaitwaje?" Ataitikiwa marahaba, ataelezwa, na huenda akapewa nyongeza. Kitu alichokinunua kwa mkono wake hawezi kukiacha bila kukionja.

Mnaweza pia kuwinda rangi. Wiki hii tafuteni rangi ya chungwa: karoti, papai, boga, viazi lishe. Vyakula hivi vina kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho. Wiki ijayo iwe zamu ya kijani.

Gunia moja uani

Tangu mwaka 1992, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga chenye makao makuu Taiwan kimekuwa na tawi lake Duluti, karibu na Tengeru. Hapo hutunzwa mbegu za mboga za Kiafrika, zikiwemo mnafu, mchicha na nyanyachungu, ambazo wengi wetu tuliwahi kuzidharau tukiziita chakula cha maskini. Wataalamu wamezipa thamani mboga zilezile ambazo bibi zetu hawakuacha kuzipika. Watoto wetu nao wastahili kuzijua.

Huhitaji shamba. Gunia moja lenye udongo uliochanganywa na samadi linatosha, hata kwa aliyepanga chumba. Panda mchicha, maana hukua haraka. Ndani ya wiki nne hivi mnaweza kuanza kuchuma. Kila mtoto awe na upande wake, na kazi ya kumwagilia jioni iwe yake. Siku ya kuchuma, mtangazie mezani: "Leo tunakula mchicha wa Neema." Hakuna Neema atakayeususa.

Jikoni na mezani

Mtoto wa miaka minne anaweza kuchambua mchicha, kuosha nyanya na kumenya ndizi. Mkubwa akatekate kachumbari huku ukimwangalia. Mnafu ukimshinda kwa uchungu, uchanganye na mchicha, uupike kwa maziwa au karanga, kisha punguza mchicha kidogo kidogo. Makande na mtori havikatai karoti. Papai, ndizi na tikiti vikichomekwa kwenye vijiti visivyo na ncha kali vinakuwa mishikaki. Chungwa au pasheni baada ya maharage na mboga za majani husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Kwa mtoto mdogo, karoti ichemshwe au ikwaruzwe, isije ikamkaba.

Kisha rudisheni vitendawili mezani. Kitendawili! Tega! "Mwenyewe yuko chini, nywele zake ziko juu." Karoti. "Mzee amekunjamana uso, tumboni ana dhahabu." Pasheni. Anayetegua ndiye anayeonja wa kwanza.

Asipopenda, usimlazimishe. Tafiti za ulaji wa watoto zinaonyesha kuwa mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara kumi au zaidi kabla ya kukizoea. Weka kijiko kimoja; akikiacha, ondoa kimya kimya, ukirudishe kesho kutwa. Haba na haba hujaza kibaba. Na baba, sahani yako inatazamwa. Mtoto hawezi kuheshimu mboga ambayo baba yake haigusi.

Jumamosi ijayo usimwache mtoto nyumbani mbele ya televisheni. Mpe kikapu, mshike mkono, mwende naye sokoni.