Je, Wajua? Kofia Nyeusi Hupokezana Zamu Uani

Ndege huyu, kofia nyeusi, ana uzito wa gramu 20 hivi. Dume ana kofia nyeusi, jike ya kahawia. Wataalamu humwita *Sylvia atricapilla*. Nchini Uingereza huonekana kiangazi na wakati wa baridi, ukadhani ni yuleyule. Siye! Wengi wa kiangazi huhamia Uhispania na Afrika Kaskazini, na nafasi yao huchukuliwa na wageni kutoka Ujerumani na Austria.

Wageni hao wameongezeka sana tangu miaka ya 1960. Hujilia tufaha, vipande vya mafuta na mbegu za alizeti ambazo watu huwawekea uani.

Ajabu kubwa ni hii: hakuna anayewafundisha njia. Makinda yao yaliyolelewa vizimbani, ambayo hayajawahi kusafiri, yalielekea magharibi kama wazazi. Dira wameirithi!

Hata miili inabadilika. Mabawa yao ni ya mviringo zaidi, na midomo myembamba kuliko ya wenzao waendao Uhispania.

Ndugu zao wa mashariki zaidi huikimbilia Afrika Mashariki, wakala matunda ya porini kwenye nyanda za juu za Kenya na Tanzania.