Je, Wajua? Tinti inaweza kuinyamazisha redio ya gari

Si kila tinti. Ni ile yenye chembechembe za metali. Metali hiyo hulirudisha joto la jua nje, na mawimbi ya redio nayo hayapati msamaha. Stesheni iliyosikika safi jana, leo inakwaruza.

Antena yenyewe iko wapi? Magari mengi ya siku hizi hayana ule ufito mrefu wa chuma. Chungulia kioo cha nyuma: ile mistari myembamba kama uzi wa buibui mara nyingi ni ya kuondoa ukungu, lakini katika baadhi ya magari, mingine kati yake ndiyo antena. Bandika karatasi ya metali juu yake, umeivisha antena koti la bati!

GPS huumia pia. Mawimbi yake husafiri kilomita 20,000 na ushei kutoka kwenye setilaiti, yakafika yakiwa hoi. Tinti ya rangi, ya kaboni au ya seramiki haina ugomvi nayo.

Ila kama gari lilitoka Japani, usikimbilie kuisingizia tinti. Redio nyingi za huko zilitengenezwa kwa FM 76 hadi 90. Stesheni zetu hufika 108.

Unataka kuibandua tinti? Wembe unaokwangua gundi hukwangua na mistari ya antena. Mwambie fundi ailoweke kwanza, na wembe auweke mbali.